Ndege Asiyeogelea: Mhadhara juu ya Jina la Bata Mzinga



Swali nililowaletea jioni hii si langu; nimelipokea kwa mtoto. Mjukuu wangu, aliyekuwa na umri wa miaka sita siku hizo, alisimama nami kando ya ua wa jirani akimtazama ndege mkubwa mweusi aliyekuwa amejituna katikati ya kuku, mbawa kaziburura mavumbini, mkia kautandaza kama upepeo, na ngozi tupu ya shingo yake ikigeuka mbele ya macho yetu kutoka wekundu hata ikawa na buluu ya samaki wa mwambani. Akaniuliza ni nani yule. Nikamwambia ni bata mzinga. Mtoto akainama akaitazama miguu ya ndege, akageuka akalitazama dimbwi la upande wa pili walimokuwa wakiogelea mabata wengine, akasema, "Babu, huyu mbona haogelei?" Nikamjibu kwamba kila kiumbe ana tabia yake. Akaridhika kwa kitambo, kisha akauliza, "Na mzinga wake uko wapi?" Hapo nilinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikonileta mbele yenu leo.

Yumkini wapo watakaoona kwamba jina la ndege wa kufugwa si jambo la kukusanyia watu wazima. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Wazee wetu wa pwani walituachia tenzi na mashairi, nyaraka za biashara na nasaba za masultani, walakini hapana mwandishi aliyeona fakhari kuandika ni siku gani na kwa jahazi gani ndege fulani aliteremshwa gatini, akafunguliwa kamba ya miguu, akaingizwa katika ua wa mtu. Habari hiyo, kama ipo mahali, imo katika majina tu. Na ushahidi wa namna hii una uzito wake kwa kuwa hakuna aliyeutunga kwa makusudi: mfalme aweza kumwamuru mwandishi aongeze sifa katika tarikhi yake, lakini hajatokea mfalme aliyemwamuru mwanamke aliyesimama mlangoni na pishi ya mtama mkononi kwamba ndege amwiteje.

Tuanze na neno la kwanza, yaani bata. Hili ni neno tulilolipokea kwa Waarabu, ambao husema batta, nao wakimkusudia ndege yule yule wa vidole vilivyounganishwa kwa ngozi, ambaye maji ni nyumba yake. Bata mzinga hana ngozi hiyo. Vidole vyake vimeachana kama vya kuku, hupekua mchanga kama kuku, na usiku akiachiwa hupanda mtini kulala. Na wataalamu wa ndege, wanaopanga viumbe kwa nasaba ya mifupa na damu, humweka katika ukoo mmoja na kuku, kanga na kwale, mbali kabisa na mabata. Kwa hiyo mtoto alikuwa na hujja. Kwa nini basi hatukumwita kuku?

Jawabu, nadhani, limo katika tofauti ya umri wa maneno haya mawili ndani ya lugha yetu. Kuku ni neno la nyumbani, twashirikiana nalo na ndugu zetu wengi wa bara, na aliyeitwa kuku alikuwa kiumbe anayejulikana tangu zama za mababu wa mababu. Bata alikuja na jina lake kutoka ng'ambo. Alipotokea ndege mwingine wa kufugwa, mkubwa, mgeni, wa gharama, asiyefanana na chochote kilichokuwa uani, watu walimweka upande wa mgeni aliyemtangulia. Neno bata likawa kama baraza ya nje ya nyumba, ambapo mgeni hukaribishwa kabla hajajulikana ni wa ukoo gani. Na bata mzinga, baada ya kukaribishwa barazani, hakuingizwa ndani hata leo.

Watu wa mataifa mengine nao walipomwona ndege huyu walishikwa na mshangao huo huo, na namna walivyoutatua yafaa tuitazame. Waingereza humwita kwa jina la nchi ya Uturuki. Waturuki wenyewe, ambao wangepaswa kumjua kama kweli ni wao, humwita hindi, yaani wa India. Wafaransa husema dinde, neno lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya kuku wa India. Waholanzi husema kalkoen, na ndani ya neno hilo imo Calicut, bandari ya Malabar ambayo manahodha wetu wa zamani waliijua vema. Wareno humwita peru. Wamisri humwita diki rumi, jogoo wa Rumi, ilhali Waarabu wa Sham wengi humwita diki habash, jogoo wa Uhabeshi. Wamalay husema ayam belanda, kuku wa Kiholanzi. Kila taifa lanyoosha kidole kwa taifa jingine, na lile jingine nalo lanyoosha kidole mbele zaidi, mpaka mtu akifuata vidole hivi kwa uaminifu atauzunguka ulimwengu wote bila kumfikia mwenye ndege.

Mwenye ndege ni watu wa Mexico. Huko ndiko alikofugwa tangu yapata miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania wa Cortés walipoingia katika nchi ya Waazteki mwaka 1519 walimkuta akiuzwa sokoni kwa wingi. Waazteki walimwita dume huexolotl, na kwa neno hilo Wamexico wa leo, ijapokuwa wanasema Kihispania, bado humwita guajolote. Wahispania wa Ulaya walimpa jina la pavo, ambalo lilikuwa jina la tausi, kwa ajili ya ule mkia wake wa kutandaza. Ndege akavuka bahari, akapewa kila jina isipokuwa lile alilozaliwa nalo.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa kuwa katika hikaya hii yumo ndege wetu mwingine ambaye haki yake imepotea. Kabla ya ndege wa Mexico kufika Ulaya, wafanyabiashara waliokuwa wakitoka katika nchi za Waturuki walikuwa wakipeleka huko kanga, huyu huyu kanga wetu mwenye madoa, ndege wa Afrika, ambaye wanawake wetu walilipa vazi lao jina lake. Na Waingereza walimwita kanga huyo jogoo wa Uturuki kwa sababu ya waliomleta. Alipowasili ndege wa Mexico, watu waliwachanganya wawili hawa, na baada ya muda jina likamhama kanga likamkalia mgeni. Kosa halikukoma kwa watu wa sokoni. Mwaka 1758 Linnaeus, mwanachuoni wa Uswidi aliyewapanga viumbe wote kwa majina ya Kilatini, alimwandika bata mzinga kuwa Meleagris gallopavo. Na meleagris ni neno la Wayunani wa kale, nao walikuwa wakimkusudia kanga, wakisimulia kwamba madoa ya manyoya yake ni machozi ya madada wa shujaa Meleager waliogeuzwa ndege kwa kumlilia ndugu yao. Basi mpaka leo, katika vitabu vya elimu vya dunia nzima, ndege wa Mexico anatembea na cheti cha kanga wa Afrika. Naona uchungu kidogo kila nilionapo jina hilo, kama mtu anavyoona uchungu akikuta shamba la ndugu yake limeandikwa kwa jina la mwingine, japo mwandishi hakukusudia ubaya.

Wala msidhani sisi tumesalimika na makosa ya namna hii. Nafaka tuliyo nayo kila siku mezani twaiita mahindi, nayo asili yake ni Mexico ile ile aliyotoka ndege. Waturuki huiita mısır, jina la nchi ya Misri, na Waitalia huiita nafaka ya Kituruki. Mahindi na bata mzinga walisafiri katika zama moja, na wote wawili walipokelewa na watu waliouliza, "Nani amekuleta?" wakidhani wameuliza, "Umezaliwa wapi?" Maswali haya mawili si mamoja. Jina la kiumbe mgeni aghalabu humtaja aliyemshika mkono wakati wa kuingia mlangoni, na mtu akilisoma kwa macho hayo ataona kwamba halikusema uwongo. Ni sisi tuliolitaka litoe ushahidi ambao halikuuahidi.

Ithibati njema ya maneno haya ninayo karibu, kwa ndugu yake bata mzinga, yaani bata bukini. Vijana wengi hutamka neno bukini wasijue kwamba ni jina la nchi. Buki, na kwa kuongezewa herufi zetu za mahali Bukini, ndilo jina ambalo watu wa pwani na wa Visiwa vya Ngazija waliliita bara dogo lile la mashariki ambalo ramani za Wazungu huliita Madagascar. Na huko Mayotte hata leo lugha ya Kimalagasi inayosemwa kisiwani humo huitwa Kibushi, ambalo ni neno hilo hilo kwa ulimi mwingine. Bata bukini maana yake ni bata wa Madagascar. Walakini bata bukini wa kufugwa si mzaliwa wa Madagascar: mababu zake wa porini ni ndege wa Ulaya na wa Uchina. Jina latueleza tu kwamba aliyetukabidhi alikuwa anatoka Bukini, na hilo halina ajabu, maana merikebu zilizopita Bahari ya Hindi zilitia nanga katika bandari za kisiwa kile kutafuta mchele, ng'ombe na maji, na kati ya bandari hizo na Kilwa, Ngazija na Unguja vyombo vyetu havikukoma kwenda na kurudi.

Kwenda na kurudi huko hakukuwa kwa heri daima. Watu wa Mafia wanayo katika kumbukumbu zao habari ya mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani, ulioangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagascar; magofu ya misikiti na majumba yake yamesimama hata sasa chini ya mibuyu. Kwa mzee wa Mafia, basi, neno Bukini halikuwa jina la ndege peke yake. Nami hustaajabu nikifikiri kwamba neno lile lile lililokuwa kwa watu wa Kua neno la khofu, lilibaki katika lugha likiwa limetulia juu ya mgongo wa ndege mweupe anayewalilia wageni mlangoni.

Tena hebu tuitazame upande wa pili bahari hii. Wamalagasi husema lugha ambayo nasaba yake ni ya visiwa vya mashariki ya mbali, hasa Borneo, walikotoka mababu zao kwa vyombo. Lakini ukiwauliza majina ya mifugo yao utajihisi uko Mrima. Ng'ombe kwao ni omby. Kondoo ni ondry. Mbwa ni amboa. Kuku ni akoho. Kanga ni akanga. Punda ni ampondra. Na mbuzi ni osy, ambaye sikio la haraka halimtambui, ila wajuzi wa lugha wamemtambua. Yaani wao walipopokea wanyama kutoka kwetu walipokea na majina pamoja, kama mtu anunuaye mbuzi akapewa na kamba yake. Nasi tulipopokea kwao ndege mmoja tulimpa jina la nchi yao. Hii ni hati ya ujirani wa karne nyingi, na wala hapana kalamu iliyoiandika.

Sasa nimefika kwenye neno ambalo mtoto alinikamata nalo, mzinga, na hapa ndipo penye fumbo lenyewe. Maana bata bukini ameitwa kwa nchi, kama majirani wetu wote walivyomwita bata mzinga kwa nchi. Ila bata mzinga, kwa ulimi wetu, hana nchi. Hatukumwita wa Ureno, wala wa Uhindi, wala wa Rumi. Tulimwita kwa kitu.

Kitu gani? Mzinga katika Kiswahili una maana mbili zinazojulikana na kila mtu: gogo lililotobolewa ndani likatundikwa mtini ili nyuki wafanye asali, na chombo cha vita kinachotupa risasi kubwa kwa baruti. Ya kwanza ndiyo ya zamani, wala sina shaka nayo, kwa kuwa Waganda na Wanyarwanda, walio mbali na bahari, nao humwekea nyuki gogo wakaliita kwa shina hilo hilo la neno. Wareno walipotufikia mwaka 1498 na silaha zao za shaba na chuma, na hasa mwaka 1505 walipoichoma Mombasa, watu wa pwani walikiona chombo kirefu, cha mviringo, kitupu ndani, chenye mdomo mmoja unaotoa ghadhabu, nao hawakuazima neno la Kireno wala la Kiarabu. Walisema huu ni mzinga. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa tasfida kubwa za lugha yetu, kwamba chombo cha mauti kilipewa jina la chombo cha asali.

Basi bata mzinga ni wa gogo au wa baruti? Nimesikia taawili tatu. Wa kwanza husema ni wa nyuki, kwa sababu ndege huyu akijituna huwa kama mzinga uliotundikwa. Taawili hii hainiridhishi: mzinga wetu wa nyuki ni gogo jembamba la kulala, na ndege aliyejituna ni duara tupu. Wa pili huliendea shina la neno, lile tunalolisikia katika kuzingira, wakasema ameitwa hivyo kwa kuwa dume akimtaka jike humzunguka kwa hatua za madaha. Hii ina uzuri wake, walakini yataka tuamini kwamba watu wa kawaida walilipita neno linalojulikana wakaenda kuchimba mzizi wake. Nao watu hawaiti hivyo vitu vya uani.

Taawili ya tatu ni ya mlio, na huko ndiko niliko mimi. Lakini sikwenda huko kwa kusoma. Baada ya swali la mtoto nilimwomba jirani ruhusa ya kukaa uani kwake asubuhi kadha wa kadha, nikayaona mambo mawili. La kwanza, dume huyu, mbali ya ule mlio wake wa kugugumia unaojulikana na kila mtu, hutoa kifuani mngurumo wa chini kabisa, mzito, mfupi, ambao mtu huuhisi mbavuni kabla ya kuusikia masikioni, mfano wa kishindo cha mzinga uliopigwa mbali sana, ng'ambo ya bahari. La pili ndilo lililonishitua. Mtoto mmoja wa nyumba ile aliubamiza mlango kwa nguvu, na kabla mtikisiko haujatulia ndege akanyoosha shingo akaujibu kwa sauti yake yote. Nikaomba mlango ubamizwe tena, akajibu tena. Wafugaji waliniambia kwamba hiyo ndiyo tabia yake, hata radi huijibu.

Sasa fikirini Unguja ya masultani, mji ambao mizinga ilipigwa kwa salamu za merikebu zilizoingia bandarini, ikapigwa kwa mwandamo wa mwezi na kwa Idi. Mji ambao hata leo, mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, imelala mizinga miwili ya shaba yenye nembo ya Ureno. Fikirini ndege huyu katika ua wa tajiri mmoja wa Shangani, mgeni asiye na jina. Mzinga walia kutoka pwani, na ndani ya ua kiumbe yule aujibu, papo hapo, kila mara, na watumishi wacheka na watoto wapiga makofi. Angeitwaje mwingine? Nawataka radhi kwamba hii ni dhana yangu, si riwaya niliyoipokea kwa mtu. Lakini naiona nzito kuliko zile mbili, kwa kuwa yaeleza umbo la jina pamoja na maana yake. Katika kamusi za zamani ndege huyu ameandikwa bata la mzinga, pamoja na kiungo, kama ilivyoandikwa bata la Bukini: bata aliye wa mzinga, kama yule alivyo wa Bukini. Baadaye kiungo kilidondoka, kama kilivyodondoka katika mbwa mwitu na punda milia, na kwa kudondoka kwake tukabaki na majina mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu bila kuelezana, ndipo mtoto akauliza mzinga uko wapi. Kiungo kile kingalikuwapo asingaliuliza hivyo. Angaliuliza ni mzinga upi.

Na hapa ndipo naona fakhari kwa ajili ya wale watu wasiojulikana waliompa jina. Mataifa makubwa, yenye merikebu na vyuo, yalimtazama mgeni yakamuuliza nchi yake, na yote yakakosea. Watu wa pwani, ambao kwa bata bukini walikuwa wameuliza swali hilo hilo, safari hii waliliacha; walinyamaza wakamsikiliza, kisha wakamwita kwa walichokisikia. Ndiyo maana jina letu, kwa kadiri ya masomo yangu, ni miongoni mwa machache ambayo Mmexico akifasiriwa hatakuwa na la kusahihisha.

Limebaki jambo moja. Humu ukumbini naona wazee wa Lamu, wa Pemba na wa Kilwa, na najua kwamba lugha ya mji mmoja huhifadhi lile ambalo mji mwingine umelipoteza. Ikiwa yupo miongoni mwenu aliyemsikia bibi yake akimwita ndege huyu kwa jina jingine, au akilisema hili hili pamoja na kiungo chake cha zamani, au akisimulia ni kwa nini, basi namwomba asiondoke kabla hatujaonana. Nitakuwa pale karibu na mlango, na daftari ninayo.